Elimu jumuishi bila kuwamaliza walimu: mratibu aanzie wapi?

Kipindi_cha_Nane aliuliza:

Wakuu, heshima kwenu.

Naomba mwongozo wa wanaoijua kazi hii kwa vitendo. Mwalimu akikabidhiwa kuratibu elimu jumuishi pamoja na ufundishaji unaozingatia utamaduni wa wanafunzi, shule nzima, muhula wa kwanza ashike lipi? Chukulieni shule ya namna hii: darasa lina watoto 45, lugha za nyumbani nne au tano ndani ya chumba kimoja, wapo wawili watatu wenye uoni au usikivu hafifu, na wapo ambao kusoma bado kunawapa taabu ingawa wako madarasa ya juu. Mwalimu mmoja ana vipindi 28 kwa wiki.

Nadharia zipo, semina zipo. Shida ni kwamba likitajwa neno "jumuishi" kikaoni watu wanaguna, maana wanachosikia ni maandalio matatu kwa kila kipindi na fomu nyingine ya kujaza. Na mwalimu aliyechoka hamjumuishi mtu. Kwa hiyo nauliza mawili kwa pamoja: darasani kibadilike nini hasa, na kiondolewe nini ili walimu wasizimike?

---

Mama_Chaki:

Mwalimu, hao wanaoguna wana hoja. Maandalio matatu kwa vipindi 28 ni maandalio 84 kwa wiki. Hakuna binadamu wa kazi hiyo, na elimu jumuishi haidai hivyo. Inachodai ni lengo moja kwa wote na njia zaidi ya moja ya kulifikia, zikiwa zimepangwa tangu mwanzo badala ya kubandikwa mtoto akishakwama. Taasisi ya CAST ya Marekani, iliyoanzishwa 1984, imeueneza mpangilio huu, na ukiuchambua unabaki na maswali matatu: mtoto atavutwaje aingie kwenye somo, atayapokeaje maarifa, na ataonyeshaje kwamba ameelewa? Kila swali lijibu kwa njia mbili, basi. Anayetaka njia tano kwa kila swali huacha ndani ya wiki mbili.

Nikupe mfano wa karibu. Mada ni kulinganisha sehemu. Kosa linalojirudia: mtoto anasema 1/4 ni kubwa kuliko 1/3 kwa kuwa 4 ni kubwa kuliko 3. Kata karatasi za manila ziwe vipande vya urefu wa sentimita 24 na upana wa 3. Nimechagua 24 kwa sababu inagawanyika kwa 2, 3, 4, 6 na 8 bila baki. Kila jozi ya watoto ipate vipande vitatu: kimoja kibaki kizima, kimoja kikunjwe sehemu tatu sawa (sm 8 kila moja), kingine sehemu nne (sm 6). Vilazwe sambamba, ncha za kushoto zikianzia mstari mmoja.

Hapo mwenye uoni hafifu anapitisha kidole kwenye mikunjo na kupata jibu lilelile wanalopata wenzake. Ambaye lugha ya kufundishia inamtatiza anaonyesha kwanza, maneno yanafuata. Aliyeelewa mapema anaulizwa kati ya 3/8 na 1/3 ipi kubwa na kwa nini. Akikunja kipande kingine sehemu nane ataona sm 9 dhidi ya sm 8. Karatasi ni hiyohiyo na andalio ni hilohilo.

Yanayoharibu zoezi: vipande vya urefu tofauti, kwa sababu theluthi ya kipande kifupi inaweza kuwa ndogo kuliko robo ya kirefu na ulinganisho wote unakufa, na kukunja sehemu tatu kwa kukisia. Weka alama kwa rula kwenye sm 8 na sm 16 kabla ya kukunja. Karatasi ya daftari nayo ni laini mno, mkunjo wake hausikiki vizuri kwenye kidole.

Ubaoni andika maneno machache (kiasi, asili, sawa na, kubwa kuliko), kila neno na mchoro wake, yabaki hapo kipindi kizima. Kuonyesha uelewa, mtoto achague kumweleza jirani, kuchora, au kumalizia sentensi: "1/3 ni kubwa kuliko 1/4 kwa sababu..." Sentensi hiyo ya kuanzia iondoe ifikapo kipindi cha tatu au cha nne. Isipoondolewa, mtoto anazoea kujaza pengo na kueleza hajui.

Halafu msaada uwekwe mezani, achukue yeyote anayeuhitaji. Ukishawatengea meza "wazito", wiki haiishi kabla darasa zima halijajua nani ni nani, na wenyewe wanaacha kujaribu. Makundi yabadilike kila mada.

---

Sauti_Pembeni:

Nakazia kwa Mama_Chaki. Kabla ya mbinu yoyote, kagua chumba. Ni kazi ya dakika 10.

Nenda dawati la mwisho usome ubao. Chumba cha mita 8 kinataka herufi za sm 4 hivi. Chini ya hapo hata wenye macho mazima wanakisia. Mwenye uoni hafifu usimpeleke mbele moja kwa moja. Wapo wanaoumizwa na mwanga wa dirisha, na wapo wanaoona vizuri zaidi wakikaa upande mmoja. Muulize mwenyewe, ajaribu viti vitatu, achague. Na unapoandika, taja unachoandika: "hii ukizidisha kwa hii" haimsaidii asiyeona ubao, sema "tatu mara nane".

Kwa wenye usikivu hafifu, makosa ni yaleyale kila shule. Mwalimu anaongea huku ameugeukia ubao. Mwalimu anasimama mbele ya dirisha, mwanga ukiwa nyuma yake, uso unakuwa kivuli na midomo haisomeki. Mtoto anayesikia kwa sikio la kulia anakalishwa kulia kabisa mwa chumba, sikio zima likielekea ukutani. Jibu linatoka dawati la nyuma, hakuna anayelirudia, yeye amepitwa. Kifaa cha usikivu nacho kinakuza sauti zote, hata miburuzo ya viti, kwa hiyo kuvisha miguu ya viti vitambaa au mipira kunasaidia kuliko kupaza sauti.

Tena acheni "umeelewa?" Jibu ni "ndiyo" siku zote. Mwambie: "Nieleze utaanza na nini."

---

Mdau_wa_Mtaala:

Michango mizuri. Mimi ningeanza na kupima watoto, nani ni wa kujifunza kwa macho, nani kwa masikio, nani kwa mikono, kisha kila kundi lipewe kazi yake. Si ndiyo msingi wa elimu jumuishi?

---

Mama_Chaki:

Hapana, mkuu, na hili limewapotezea walimu muda mwingi. Mwaka 2008 mwanasaikolojia wa Marekani Harold Pashler na wenzake walipitia tafiti zilizokuwapo na hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba mtoto hujifunza vizuri zaidi akifundishwa kwa "mtindo" aliopangiwa. Njia mbili za kulipokea somo ni za darasa zima: kila mtoto aone, asikie, ashike. Anayehitaji nukta nundu au lugha ya alama ana hitaji halisi, na hilo halihusiani na mitindo. Fomu za kupima "wa macho na wa masikio" zitupeni. Hiyo ni kazi ya kwanza ya kuondoa, na ndiyo aliyoiuliza mwenye mada.

---

Kalamu_Nyekundu:

Nishike upande wa utamaduni, maana ndio unaofanywa kwa juujuu kuliko yote. Shule nyingi zinaishia kwenye siku ya mavazi na ngoma. Sherehe ni nzuri, lakini Jumatatu hesabu inafundishwa vilevile.

Gloria Ladson-Billings wa Marekani, ambaye maandishi yake ya 1995 ndiyo yaliyoweka msingi wa mjadala huu, alisimamisha nguzo tatu: mtoto ajifunze na afanikiwe kweli kimasomo, ashike utamaduni wake huku akiumudu na wa wengine, na aweze kuhoji dhuluma anazoziona katika jamii. Nguzo ya kwanza ndiyo inayoanguka kwanza. Mwalimu kwa huruma anasifu kila kitu na kuwapunguzia kazi watoto wa jamii fulani, akidhani anawajali. Judith Kleinfeld, aliyewachunguza walimu wa watoto wa jamii za asili huko Alaska, aliandika 1975 kwamba waliofaulu waliunganisha ukaribu na ukali wa kazi: unanijali, na hunikubalii kazi ya ovyo. Ukimkosesha mtoto kimojawapo, hujamtendea haki.

Kwa vitendo, wiki ya kwanza ianze na majina. Mtoto atamke jina lake mwenyewe, wewe liandike kwa silabi unavyolisikia, lirudie mbele yake mpaka akubali. Usimfupishie bila ruhusa.

Kisha kadi yenye maswali manne: unapenda uitweje, unazungumza lugha gani na nani, kitu gani unakijua vizuri hata ungeweza kumfundisha mwenzako, darasani nini kinakusaidia na nini kinakukwamisha. Wasioweza kuandika wajibu kwa mdomo au kwa mchoro. Usiulize kazi ya baba, idadi ya ndugu wala likizo mlikwenda wapi, kwa sababu yatima, aliyehama kwa lazima na asiye na uwezo unawavua nguo mbele ya wenzao. Swali la tatu ndilo lenye utajiri. Mtafiti wa elimu Luis Moll na wenzake huko Arizona, Marekani, walionyesha mwaka 1992 kwamba kaya ambazo shule iliziona hazina kitu zilikuwa na maarifa tele ya kilimo, ujenzi, biashara na tiba. Kadi haitoshi badala ya kuwatembelea wazazi, ila inakupa mifano halisi ya kujazia maswali ya hesabu na sayansi.

Lugha: swali likiwa gumu, wape dakika 2 wajadili wawili wawili kwa lugha wanayoimudu, kisha jibu litoke kwa lugha ya kufundishia. Walimu wanaogopa kwamba watapiga soga. Watapiga kama swali ni jepesi au muda ni mrefu. Kumbuka pia alichoonyesha Jim Cummins, mtafiti wa elimu ya lugha, tangu 1979: lugha ya mazungumzo na lugha ya masomo ni mambo mawili. Ya kwanza mtoto mgeni huipata ndani ya miaka 2 hivi, ya pili huchukua 5 hadi 7. Kwa hiyo anayecheka na wenzake uwanjani bila shida akashindwa swali la aya moja si mvivu.

Kusubiri: mtafiti wa elimu wa Marekani Mary Budd Rowe alipopima madarasa miaka ya 1970 alikuta walimu wengi wanasubiri kama sekunde 1 tu baada ya kuuliza. Walipofikisha sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka na watoto waliokuwa kimya wakaanza kushiriki. Subira hiyo inahitajika pia baada ya jibu, kabla hujasema "vizuri". Hapo ndipo mtoto anaongeza sababu. Hesabu vidole mgongoni ukipenda. Haigharimu kitu, na bado wengi hawaiwezi, kimya kinawatisha.

Mitego: kumgeuza mtoto msemaji wa kabila au dini yake ("wewe tuambie, ninyi huwa mnafanyaje?"), kudhani utamaduni wa mtoto kwa kusoma jina lake, na kuhesabu kutokukutazama usoni kuwa ni jeuri, wakati kwa familia nyingine ndiyo heshima yenyewe.

---

Ratiba_Ngumu:

Sasa tuongee kuhusu mwalimu mwenyewe, maana hapa ndipo mipango hii inapofia.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliweka uchovu wa kazi (burnout) kwenye ICD-11, orodha yake ya kimataifa ya magonjwa na hali za afya, kama hali inayotokana na mazingira ya kazi, na halikuuita ugonjwa. Maana yake kwa mratibu ni moja: usianze na semina ya kupumua na mabango ya "jipende". Anza na ratiba. Mwanasaikolojia Christina Maslach, ambaye kipimo chake cha uchovu kinatumika tangu 1981, anataja dalili za aina tatu: kuishiwa nguvu za kihisia, kuwaona watu kama vitu, na kujiona huna unachofanikisha. Ya pili ndiyo inayogusa ujumuishi moja kwa moja. Mwalimu akianza kusema "hawa wa nyuma hawafundishiki", angalia kwanza mzigo wake kabla ya kumhukumu moyo wake.

Mzigo mkubwa kwa kawaida ni madaftari. 45 kwa dakika 3 kila moja ni dakika 135, yaani saa 2 na robo kwa zoezi moja la darasa moja. Badilisha hivi. Dakika 3 za mwisho wa kipindi, kila mtoto ajibu swali moja kwenye karatasi ndogo (anayehitaji amwambie jirani amwandikie). Wewe zigawe mafungu matatu: ameelewa, karibu, bado. Sekunde 5 kila karatasi, 45 zinaisha kwa dakika 4 hivi. Usiandike alama. Kesho anza na kosa moja lililojirudia zaidi kwenye fungu la "karibu". Daftari zichukue 15 tu kwa siku kwa usomaji wa kina, siku ya tatu umemaliza darasa. Mzazi akilalamika kwamba daftari halina vema nyekundu, mwalimu mkuu awe ameshawaeleza wazazi mapema. Bila hilo mwalimu atarudi kulekule kwa hofu.

La pili ni maandalio ya pamoja. Walimu wanne wanaofundisha somo moja wagawane mada, kila mmoja aandae yake kwa ukurasa mmoja, wenzake waibadilishe kulingana na madarasa yao. Hukwama kwa sababu mbili: hakuna kipindi cha pamoja kwenye ratiba, au kila mmoja ana umbo lake la andalio. Omba kipindi kimoja cha pamoja kwa wiki, kiandikwe kwenye ratiba rasmi, kisitumiwe kuziba mapengo ya waliougua. Kikitumiwa hivyo mara mbili mfululizo, hesabu kimekufa.

La tatu, na hili ni la mwalimu mkuu, si lako: kila kipya kinachoingia kitoe kimoja cha zamani. Kama zinakuja kadi za wanafunzi, fomu mbili zinazouliza habari zilezile zifutwe. Ujumbe wa wazazi ujibiwe ndani ya muda uliotangazwa, na simu ya mwalimu isiwe ofisi usiku.

Kuna pia mzigo usioonekana kwenye ratiba. Mwalimu anayeaminiwa na watoto ndiye anayesikia habari za kipigo, njaa na unyanyasaji. Asiahidi kutunza siri, kwani hataweza. Asikilize, asimhoji mtoto kama polisi, aandike maneno ya mtoto yalivyo siku hiyohiyo, ampe anayehusika na ulinzi wa mtoto shuleni. Baada ya hapo naye apate mtu wa kuzungumza naye dakika 15. Mara nyingi huyo anayelemewa ni mwalimu anayezungumza lugha ya watoto wageni. Kila tatizo linapelekwa kwake, na tafsiri za wazazi juu yake. Kazi hiyo ihesabiwe kama vipindi, ama apunguziwe zamu.

Na koo jamani. Kushindana na kelele za watoto 45 kunaumiza sauti. Kubalianeni ishara ya mkono, subiri kimya, ndipo useme. Sauti iliyokwaruza zaidi ya wiki 3 ipelekwe kwa daktari. Kadhalika usingizi ukikimbia na kila asubuhi ikawa hofu kwa wiki kadhaa, nenda kituo cha afya. Ratiba nzuri haitibu sonona.

---

Kipindi_cha_Nane:

Asanteni sana. Nimeelewa kwamba cha kuondoa kinatangulia. Swali la mwisho: walimu wawili watatu ambao hawataki kusikia, na wana uzoefu kuliko mratibu. Wafikiwe vipi bila kuwavunjia heshima?

---

Kalamu_Nyekundu:

Usiwaletee mafunzo. Waombe msaada wa kitu kimoja kidogo: ramani ya ushiriki. Chora madawati kwenye karatasi, keti nyuma dakika 15 baada ya yeye kukukaribisha, weka kistari kwa kila mtoto aliyeulizwa. Ukiweza, tofautisha alama: "k" kwa swali la kukumbuka, "s" kwa swali la kueleza sababu. Usiandike maoni hata neno moja. Mwisho wa kipindi mpe karatasi yeye, usibaki na nakala.

Mwalimu mzoefu akiiona anasoma mwenyewe: umbo la V mbele ya ubao, pembe za nyuma tupu, "s" zote kwa watoto sita. Mara nyingi yeye ndiye atakayesema nini kifanyike, na atakuwa na mbinu ambayo sisi hatujaiwaza. Ila ikigeuka kuwa ukaguzi, ikaenda ofisini, hakuna atakayekukaribisha tena.

---

Ratiba_Ngumu:

Na wewe mratibu uwe wa kwanza kuchorewa. Muombe mmoja wao hao wanaokataa aje akuchoree. Mwalimu mkuu umwombe mapema akupunguzie vipindi vitatu au vinne vya kufundisha ili upate muda wa uratibu, kwa maandishi, kabla hujakubali cheo. Ukishaanza bure, hutapewa tena.